Nyasi za Mahafala

Kabla ya chuo kikuu kulikuwa na silanga, na kabla ya silanga kulikuwa na Mbeke. Tuanzie hapo. Wapo waliokwisha kuisimulia habari hii wakaanzia kwenye geti, na anayeanzia kwenye geti ameshadanganya.

Mbeke alitoka Ukambani na mumewe, Mulei, Mulei alipopata kibarua katika kiwanda cha saruji kule Athi River. Walinunua kipande cha ardhi nje ya Kitengela, upande wa barabara ya Namanga, kutoka kwa mzee wa Kimaasai aliyeitwa Katoo. Wakapanda mahindi, yakakauka. Wakapanda kunde, zikaliwa na swara. Wakamba wengine wakaja, wakanunua vipande vyao, wakakauka pamoja. Ule ukame wa mwanzoni mwa miaka ya tisini ulipofika, Mulei alikuwa anarudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi, na Mbeke hakumngoja. Aliita mwethya.

Kwa asiyejua, mwethya si kikundi cha kwenda kuandikishwa ofisini. Ni watu wanaolimiana. Leo tuko kwako, kesho tuko kwangu. Hakuna mshahara na hakuna kuandikiana. Ukishika jembe pamoja nasi, umeingia. Na ukishaingia, siku ukiitwa unakuja, uwe tajiri, uwe na mimba, uwe umefiwa. Asiyekuja huendewa kwake akatozwa sufuria au mbuzi. Akikataa kulipa, huachwa. Kuachwa ni neno dogo, lakini maana yake ni kwamba upepo ukiezua paa lako hakuna atakayepanda juu, na ukifiwa utachimba kaburi mwenyewe.

Basi wanawake wa mwethya wakamwomba Katoo lile bonde dogo lililokuwa kwenye shamba lake, wakaanza kuchimba silanga, yaani bwawa la kuvunia maji ya mvua. Walichimba kwa sururu na majembe, wakabeba udongo kwa makarai na magunia. Hata watoto walibeba. Evalyne, binti ya Mbeke, alikuwa msichana wa shule ya msingi wakati huo, na karai lilimtoa nywele katikati ya kichwa.

Katoo alikuwa akija jioni na rungu lake, anasimama ukingoni, anatikisa kichwa.

"Ng'oto Evalyne," alikuwa akimwambia Mbeke, yaani mama Evalyne kwa Kimaasai, "mnamzika nani hapa?"

"Tunazika kiu, mzee."

"Kaburi ni kubwa."

"Marehemu alikuwa mnene."

Mvua iliponyesha, silanga likajaa. Upande mmoja wanawake waliteka, upande mwingine ng'ombe wa Katoo walikunywa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa upande wake ni upi.

Mnamo mwaka wa tisini na tano ndipo alipokuja Daktari Gakuru.

Wakati ule serikali ilikuwa na wimbo wake. Vyuo vikuu vitoke mijini, viende mahali pakavu, vilete elimu na maendeleo kwa watu waliosahauliwa. Wimbo mzuri kabisa, na waliouimba walikuwa na sauti nzuri. Gakuru alishuka kwenye gari la chuo akawakuta wanawake ndani ya silanga wakizoa tope la msimu. Akauliza ni kazi gani, akaambiwa. Akavua koti, akakunja suruali, akaingia kwenye tope na kuchukua jembe mkononi mwa Kavutha.

Kavutha alikuwa na mdomo ambao haukuwahi kupumzika tangu abatizwe. "Profesa," akamwambia, "shika huko chini. Hiyo si kalamu."

Wanawake wakacheka, Gakuru naye akacheka. Lakini alilima. Alilima mpaka saa ya chakula, viganja vikatoka malengelenge, huku dereva wake akimpiga picha juu ya ukingo. Kisha akaenda kwa Mbeke, akala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa mkono, akaomba aongezwe, akamwita Mbeke mama.

Hapo ndipo walipokosea. Nasema walikosea, sisemi walikuwa wajinga, maana hata Mkamba mwenye digrii angekosea vivyo hivyo. Mtu akikuvulia koti akaingia kwenye tope lako, akatoka na malengelenge, huyo ameapa. Kwao hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho. Jioni ile, walipokuwa wakiosha majembe, hakuna aliyesema Gakuru ni mgeni. Walisema, "Tumepata mwingine." Na kwa kuwa yeye alikuwa chuo, walihesabu kwamba chuo kikuu kizima kimeingia mwethya.

Mkutano ukafanyika kwa Katoo, nje ya boma. Gakuru alisema chuo kinataka kujenga tawi hapa hapa, la kusomea mifugo na kilimo cha nchi kavu. Kutakuwa na daktari wa ng'ombe. Watoto wa hapa watapewa nafasi. Silanga litapanuliwa kwa mashine, na maji yatabaki ya wote. Alichohitaji ni ile ardhi inayolizunguka bonde.

Katoo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mbeke kana kwamba Gakuru ameshaondoka.

"Huyu mtu unamjua?"

"Ameshika jembe na sisi, mzee."

"Mimi jembe sijui. Maasai halimi. Nakujua wewe." Akagonga ardhi kwa rungu. "Ng'ombe zangu zitakunywa?"

"Zitakunywa."

"Nani anasema?"

"Mimi nasema."

"Basi nimekupa wewe. Yeye sijampa kitu."

Bila shaka karatasi za kule Kajiado hazikuandikwa hivyo. Ziliandikwa kwamba Katoo amekipa chuo. Lakini neno alipewa Mbeke, na wote wawili walijua.

Majengo yalipanda. Ikaja mvua ya El Niño, silanga likajaa mpaka likamwagika, na lilipokuwa limejaa vile ndipo seng'enge ilipozungushwa. Gakuru, ambaye sasa alikuwa mkuu wa tawi, akaeleza kwamba ni kwa ajili ya pundamilia. Kisha geti likawekwa, la kufunguliwa asubuhi na jioni. Kisha la kufunguliwa jioni tu. Kisha akaletwa soja mmoja wa kulilinda, aliyeitwa Ouko, na kwa kuwa wakati huo mvua zilikuwa nzuri na kila mtu alikuwa na maji kwake, watu walinung'unika kidogo wakaendelea na shughuli zao.

Masomo ya mifugo yalipewa chumba kimoja chenye kufuli. Yaliyobaki yote yakawa masomo ya biashara, na wanafunzi walitoka Nairobi jioni na magari yao, wakasoma, wakarudi. Daktari wa ng'ombe hakuonekana. Mtoto wa hapa aliyepata nafasi alikuwa mmoja, Evalyne.

Na hiyo moja ilitosha kuwafunga midomo wote. Mwethya ulimlimia Mbeke shamba bila zamu ili apate kumsomesha mtoto. Mtu akilalamika juu ya geti, Mbeke alikuwa na jibu tayari. "Subirini. Wetu yuko ndani. Akimaliza, atatusemea kwa lugha yao."

Mwaka wa elfu mbili mvua ikakataa. Wenye kumbukumbu wanakumbuka. Ng'ombe waliswagwa mpaka Nairobi, wakala maua ya mabwanyenye. Wanawe Katoo walikuwa wamewapeleka ng'ombe wao mbali, mpaka Rombo, chini ya mlima, na huko nako wakakuta wengine wametangulia. Wakarudi. Waliorudi hawakufika nusu, na waliofika ungehesabu mbavu zao ukiwa umesimama barabarani.

Katoo alikuja kwa Mbeke asubuhi. Hakuketi, alimsalimu kwa Kimaasai akiwa amesimama.

"Takwenya, ng'oto Evalyne."

"Iko, mzee."

"Ng'ombe zimefika."

"Nimeziona."

"Zimesimama kwa seng'enge. Zinasikia harufu ya maji." Akatazama chini. "Mimi sikuja kugombana. Nimekuja kwa sababu neno nililipatia hapa."

Mbeke akachukua leso yake akaenda kwenye geti. Kupitia seng'enge aliliona silanga, lina maji, ukingo wake ule ule waliousindilia kwa miguu. Kutoka kwenye silanga mpira mnene ulikuwa umelazwa mpaka mbele ya majengo, na hapo maji yalikuwa yakirushwa hewani yakizunguka kama mwavuli, chini yake nyasi, kijani kibichi. Kilomita nyingi kila upande hapakuwa na jani, na pale palikuwa na zulia.

"Hiyo ni nini, Ouko?"

"Nyasi, mama. Mahafala ni Ijumaa. Kuna wageni wakubwa, sasa wakubwa hawataki wakanyage vumbi na yale majoho."

"Na ng'ombe?"

"Mama, mimi naambiwa tu." Ouko alikuwa kijana wa adabu. Alilitazama kundi la Katoo kwenye uzio kisha akatazama pengine. "Ingekuwa ni yangu ningefungua."

Gakuru alimpokea ofisini, akamwita mama, akaagiza chai. Alikuwa amenenepa kidogo, na viganja vyake, Mbeke alivitazama, vilikuwa laini.

"Baada ya mahafala, mama. Wiki ijayo tutakaa chini, tutafute njia. Unajua sasa hivi ng'ombe wakiingia wataharibu."

"Wiki ijayo watakuwa ngozi."

"Ni siku chache tu."

"Daktari, wewe ulilima na sisi."

Gakuru akatabasamu kama mtu anayekumbushwa mchezo wa utotoni. "Nakumbuka. Ile picha bado iko kwa ukuta, hata wafadhili wakija huiulizia." Akanywa chai. "Na usisahau Evalyne ndiye fahari yetu. Sitaki siku yake iharibike. Hata wewe hutaki."

Alilisema kwa upole, na Mbeke alilisikia lilivyokusudiwa kusikika.

Kesho yake akapanda basi mpaka Kajiado, kwa ofisi za wilaya. Alingoja kwenye benchi pamoja na watu wa vitambulisho na wa kesi za mipaka mpaka karani akamwita.

"Hiyo shamba ni ya chuo, mama. Wewe uko na makaratasi?"

"Niko na silanga. Mimi na wenzangu tuliichimba."

"Nauliza makaratasi."

"Uliza mtu yeyote wa Kitengela nani aliichimba."

"Mama," karani akasema, bila ubaya, "hapa hatuulizi watu."

Aliporudi, ng'ombe wawili wa Katoo walikuwa wameanguka kando ya seng'enge, na mzee alikuwa ameketi katikati yao amejifunika shuka kichwani.

Jioni hiyo Evalyne alikuja nyumbani. Alikuwa amependeza, nywele zimetengenezwa, sauti yake imeingiwa na ule ulaini wa watu wa chuo. Mbeke alimweleza yote, geti, chai, benchi la Kajiado. Evalyne alisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akamwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, nitasema nao."

"Lini?"

"Ijumaa. Mimi ndiye nimechaguliwa kuhutubu kwa niaba ya wanafunzi. Wakubwa wote watakuwepo, na wafadhili. Nikisema mbele yao hawawezi kukataa."

"Utasema silanga ni la nani?"

"Nitasema."

"Utasema ng'ombe wanywe?"

"Mwaitu, nimesema nitasema."

Mbeke akaenda kwa Katoo usiku haujaingia. "Mzee, nipe mpaka Ijumaa. Mtoto wetu atasema." Katoo aliwatazama ng'ombe wake. Akasema, "Sawa," kama mtu anayetoa kitu cha mwisho mfukoni. Kabla ya Ijumaa walianguka wengine.

Siku yenyewe ilipofika, Mbeke alikuwa na kadi ya mwaliko, kiti chake kipo mbele, kwa wazazi. Hakuingia. Alisimama nje ya seng'enge upande wa silanga, pamoja na Katoo na ng'ombe waliobaki na wanawake wote wa mwethya. Majembe waliyaleta. Kavutha alikuwa amesema wayalete, kwamba geti likifunguliwa kutakuwa na kazi ya kutengeneza mahali pa ng'ombe kuteremkia. Hivyo ndivyo walivyoamini.

Vipaza sauti vilikuwa vikubwa, vilisikika mpaka barabarani. Bendi ikapigwa. Wakubwa wakahutubu kuhusu sehemu kame na jinsi elimu inavyozifufua. Kila neno "maendeleo" lilipotajwa, watu walipiga makofi. Kisha likaitwa jina la Evalyne, binti ya Mulei, na wanawake wakasukumana viwiko.

"Simama vizuri, mama wa mhutubu," Kavutha akanong'ona. "Usije ukaanguka na sisi tuko na jembe tu, hatuna machela."

Evalyne alianza kwa Kiingereza, kirefu. Kisha akasema atarudia kwa Kiswahili ili wazazi wasikie.

"Mimi nimezaliwa katika shida," akasema, na sauti yake ikapita juu ya nyasi, juu ya silanga, ikawafikia. "Mahali hapa palikuwa jangwa. Hatukuwa na maji. Hatukuwa na matumaini. Chuo hiki kilipokuja ndipo tulipopata maji. Silanga mnaloliona pale, chuo kililichimba kwa ajili ya jamii yetu. Kwa niaba ya mama zetu, ambao hawawezi kusema hapa, nasema asanteni."

Makofi yakavuma. Yalichukua muda.

Kavutha akateremsha jembe lake chini. Katoo akamgusa Mbeke begani. "Amesema ng'ombe?"

"Hakusema ng'ombe, mzee."

"Atasema?"

"Amemaliza."

Watu wanadhani hasira huja na kelele. Mbeke aliona mwili wake umepoa kama mtungi. Kule mbele waligawa shahada na kofia zikarushwa juu. Yeye alitembea polepole mpaka kwenye geti.

"Ouko. Nenda umwambie Gakuru mwethya unamwita. Leo ni zamu yake."

"Mama, yuko na waziri."

"Mwambie hivyo hivyo. Mwethya unamwita."

Ouko alikwenda. Alirudi akikwepa macho yake. "Amesema mumpe nafasi, kuna wageni. Amesema… amesema hajui mwethya ni nini."

"Basi ameitwa," akasema Mbeke, "na hakuja."

Alirudi kwa wenzake. Hakuhutubu. Alipita chini ya seng'enge pale ilipokuwa imelegea, akapanda ukingo wa silanga upande wa chini, akainua jembe na kuliteremsha. Kavutha akafuata. Wakafuata wote. Hawakuimba, ingawa mwethya huimba. Ukingo ule waliujenga kwa mikono yao, udongo karai kwa karai, wakausindilia kwa nyayo zao na za watoto wao, na ulikuwa mgumu kuvunja kwa sababu waliujenga vizuri. Ouko alikuja mbio, akasimama, akawatazama, kisha akageuka akaenda kulichunguza geti lake.

Maji yalipotoboa yalitoka kwanza kama uzi, halafu kama mkono, halafu ukingo ukakohoa ukaachia. Yalipita chini ya seng'enge yakatandaa kwenye vumbi la Katoo. Ng'ombe hawakuhitaji kuswagwa. Walioweza walikimbia, wasioweza walitambaa, na Katoo aliingia kwenye tope na shuka yake nzuri akiwainua ndama vichwa kwa mikono.

Silanga likashuka. Likaonyesha tope lake, kisha kokoto zake, kisha chini kabisa, pale sururu ya kwanza ilipopiga. Kesho hapangekuwa na maji ya mtu yeyote. Wanawake waliliona hilo, wakasimama kuegemea mipini, wengine wakilia.

"Mmevunja yenu," Katoo akasema, taratibu.

"Ilishakuwa yao, mzee. Si umesikia?"

Wageni walikuwa wamesimama kwenye viti kutazama. Mpira wa maji pale mbele ulikohoa hewa ukanyamaza. Gakuru alionekana akinena kwenye simu, na kila mtu alijua polisi wa Kitengela watakuwa njiani. Lakini aliyekuja mbio kwenye ukingo alikuwa Evalyne, joho limekunjwa mkononi, viatu mkono mwingine.

"Mwaitu, mmefanya nini? Mbele ya watu wote hawa?"

"Uliahidi utasema."

"Walinipa maneno ya kusoma. Ningesema mengine wangeninyima shahada. Nimepewa kazi hapa, mwaitu, naanza mwezi ujao. Nikiwa ndani nitawasaidia. Polepole. Hamjui mambo yanavyoenda."

"Karai ulibeba," Kavutha akasema. Sauti yake haikuwa na mzaha. "Hapa hapa. Niliona nywele zako zikitoka."

Evalyne alifumba macho. "Najua nilibeba."

Mbeke alimnyooshea jembe. Ukingo bado ulikuwa na bonge la udongo lililozuia maji ya mwisho, na ng'ombe wa nyuma walikuwa hawajafikiwa. "Tumekuita. Shika."

Evalyne alilitazama jembe. Akageuka akawatazama waliokuwa kwenye viti, Gakuru na wafadhili na kamera zao. Yawezekana mkono wake ulisogea. Wengine wanasema ulisogea. Lakini uliokuwa umeshika joho haukuliachia.

"Wananiona, mwaitu," akasema.

Mbeke akalirudisha jembe, akalikata lile bonge mwenyewe, maji yakapita. Alipoinuka aliwakuta wanawake wote wamemkabili, maana yeye ndiye aliyeuita mwethya tangu mwanzo, na swali lilikuwa kwenye nyuso zao kabla Kavutha hajalitamka.

"Mbeke. Aliyeitwa asije tunamfanya nini?"

Gakuru hawangeweza kumtoza. Nyumba yake ilikuwa Nairobi, ina mbwa na mlinzi, na hakuna mwethya uliowahi kuingia huko kuchukua sufuria. Chuo kikuu hawangeweza kukiacha. Hakina paa la kuezuliwa na upepo ambalo serikali haitalipandia, wala hakifi kikahitaji kaburi. Katika wote waliowasaliti, aliyekuwa karibu na mkono wao ni mmoja, na ndiye waliyemzaa.

"Ni mtoto," Katoo akasema kutoka kwenye tope. Alikuwa amepakata kichwa cha ndama. "Ng'oto Evalyne, huyu ni mtoto. Ng'ombe zimekunywa. Yatosha."

"Wewe mzee nilikupa neno," Mbeke akamjibu, "na ng'ombe zako zimekufa nikikuambia umngoje huyu."

Akamgeukia binti yake.

"Ameachwa," akasema.

Evalyne alisubiri, kana kwamba kuna maneno mengine yanayokuja. Vumbi la gari la polisi lilikuwa limeshaonekana kutoka barabara ya Namanga. Wanawake wakaweka majembe begani na kuanza kushuka ukingo, mmoja nyuma ya mwingine, wakipita kando yake kwa karibu kiasi cha kumgusa. Hakuna aliyemtazama. Wa mwisho kupita alikuwa Mbeke.